Chumba cha Uyoga

Jumatatu, 18 Novemba 2024. Mjimwema, Njombe.

Mvua imeanza, na daftari nalo limeanza. Sina desturi ya kuandika. Efraimu, mhifadhi wa yale makumbusho mapya ya pale mjini, ndiye aliyeniambia kwamba msanii akipewa chumba lazima aandike anachofanya, maana watu wa baadaye watataka kujua. Mimi ninachotaka kujua ni udongo utakauka wapi mvua ikinyesha mpaka Aprili.

Nimepewa chumba kizima, kile cha nyuma kilichokuwa ghala la mbegu. Nimeahidi uyoga wa udongo wa kuchoma, vipande mia sita, uote sakafuni kama unavyoota msituni, na mtu apite katikati yake. Ufunguzi ni tarehe 15 Machi. Miaka kumi na minne nimefinyanga vyungu vya maua na majiko kando ya barabara, na wateja wangu hawajawahi kuniuliza jina. Sasa nitaandikwa ukutani: Hilda Mwalongo.

20 Novemba

Nimefinyanga ishirini. Nimebomoa kumi na tisa.

Jumapili, 24 Novemba. Uwemba.

Nililala kwa Mama mkubwa Bertila, dada yake marehemu mama. Saa kumi na moja alfajiri akanigusa bega. Wakati huo hatusemezani. Unavaa, unachukua kikapu, unatoka.

Niandike jambo hili mara moja, nisilirudie. Kwetu, mahali unapoota uyoga hapasemwi. Mama humpeleka binti yake kwa mkono, na binti akishaonyeshwa amekwishapewa. Jirani haambiwi, mume haambiwi, padri akiuliza anachekewa. Mama yangu alikufa kabla hajanipeleka. Mama mkubwa alizaa wavulana watupu, kwa hiyo mwaka ule tulipomzika mama alinishika mkono mimi. Ana masharti yake: usirudi kwa njia uliyoendea, usikwaruze mti kuweka alama, ule mdogo uache, na usipataje, si kwa jina wala kwa kidole. Mwaka juzi kuna familia ya bonde la chini ilitajwa mahali pake. Watu walikuja na reki, wakafukua majani yote mpaka udongo, na tangu hapo hapajaota hata mmoja.

Leo ulikuwa umeota vizuri. Mama mkubwa macho yake yameingia ukungu, lakini anakwenda kwa miguu. Mguu wake unainuka penye mzizi kabla mimi sijauona. Mimi nilichuma huku nikitazama. Nilitazama kuliko nilivyochuma, akanisonya.

Tuliporudi Peace alikuwa ameshabandika maji. Peace ni mke wa Mikaeli, mtoto wa mwisho wa Mama mkubwa, ambaye yuko kwenye mashamba ya mbao na huja mwisho wa mwezi. Wana binti mmoja, Jeni, wa miaka sita. Peace ni Mkinga wa Makete na ana maneno mengi asubuhi. Miaka tisa sasa anachambua, anachemsha na kuanika uyoga ambao hajui unatoka wapi. Mkamwana haonyeshwi. Sababu ya Mama mkubwa ni fupi: "Mkamwana ana kwao. Akiondoka, anaondoka napo." Naona ni sawa kabisa. Peace hawezi kutunza siri, hata ndoto zake anawatangazia majirani.

2 Desemba

Mvua siku nne mfululizo. Uyoga umejaa juu ya kabati, chini ya kitanda, dirishani. Ninatembea ndani ya nyumba yangu kama mwizi.

9 Desemba

Nimefika mia mbili sitini. Kofia unaifinyanga peke yake, shina peke yake, kisha unaviunganisha kwa uji wa udongo. Kimoja kikiwa kibichi kuliko kingine, kesho yake vimeachana. Nausugua kwa kokoto mpaka ung'ae. Vidole vinauma na siwezi kuacha. Nikikaa dakika tano bila udongo mkononi naanza kupanga vyombo vilivyokwishapangwa.

Alhamisi, 19 Desemba. Makambako.

Sina tanuru la kutosha, kwa hiyo nachoma kwa Amon, anayechoma vigae vya paa upande wa reli. Amon ni mtu wa polepole. Aliuchukua uyoga mmoja, akaupima mkononi.

"Dada Hilda, huu haujakauka."

"Umekauka."

"Uweke shavuni."

Kila mfinyanzi anajua: udongo ukiwa na maji ndani, shavu linasikia baridi. Niliuweka. Ulikuwa wa baridi. Nikasema hiyo ni baridi ya Makambako, upepo wenu huu hata jiko la moto lingepoa. Amon akanitazama, akapanga kuni.

Alasiri tukaanza kusikia milio tanuruni. Mmoja, kimya, miwili, halafu mfululizo, kama mahindi yakikaangwa. Nilitaka kufungua tanuru kwa mikono. Amon akanishika nguo. Jioni tulihesabu vilivyopasuka: mia na kumi na viwili. Hakusema kwamba alinionya. Ningefurahi angesema, ningepata wa kugombana naye.

25 Desemba. Uwemba.

Krismasi. Mama mkubwa ameuliza kama uyoga wangu unaliwa, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Peace, akipakua, aliniuliza kwa utani, "Wifi, kwani nyie mkitoka asubuhi mnavuka kijito au mnakiacha?" Mama mkubwa akamwambia achunge ugali usiungue. Nami nikacheka, na nilicheka kwa raha ya mtu anayejua kitu.

8 Januari 2025

Nimejaribu kuupanga kwenye banda la vigae la Amon, kabla ya kuupeleka mjini. Mstari: kama wanajeshi. Duara: kama pambo la harusi. Nikautawanya bila mpango: kama mtu amejikwaa na sinia. Nimekula maandazi matatu nimesimama. Kesho tena.

9 Januari

Hapana.

10 Januari

Hapana. Efraimu amepiga simu mara mbili kuuliza "maendeleo". Sikupokea ya pili.

Jumatano, 15 Januari. Makambako.

Leo limetokea jambo na sijui nifurahi au niogope.

Mvua ilikuwa inapiga bati la banda hata sauti yako mwenyewe huisikii. Nilichoka kufikiri, nikapiga magoti nikaanza tu. Nilichukua kigae kirefu kilichopinda nikakilaza, kama gogo. Kushoto kwake nikaweka ule niliousiriba udongo wa njano, ambao Mama mkubwa huuita wisogolo, mstari mrefu uliokatika mara mbili. Kisha jiwe bapa. Hatua tisa. Kisha rundo la udongo mbichi, kichuguu, na ule mkubwa mweupe umekizunguka upande wa mawio peke yake, upande wa machweo hakuna kitu. Mikono haikuuliza. Nilipoinuka, miguu imekufa ganzi, nilikuwa nimepaweka pale petu pa Uwemba, kila kitu mahali pake, na mwili wote ukanisisimka. Katika maisha yangu sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile. Hata njia ya mtu kupita ilikuwepo, kwa sababu ndiyo njia tunayopita.

Amon alikuja na chai. Akafuata kwa macho kutoka kwenye gogo mpaka kichuguu.

"Hii si mapambo," akasema. "Mtu akiishika hii kichwani anaweza kufika."

"Kufika wapi?"

"Mimi sijui. Nakuuliza wewe."

Nilimwambia ni msitu wa kichwani tu. Akanikabidhi kikombe, akarudi kwenye vigae vyake.

16 Januari

Nimewaza njia nzima mpaka Njombe. Uyoga ni uyoga. Vichuguu vimejaa nchi nzima. Nani atajua? Mama mkubwa hatoki Uwemba ila kwa daktari. Na wengine hawajawahi kufika pale, basi watakitambuaje wasichokijua?

18 Januari

Lakini waliobaki na mikusu, ile miti ya asili inayofunika pale petu, Uwemba ni wangapi? Kila mtu amepanda misindano ya mbao na parachichi. Sehemu mbili, labda tatu.

19 Januari

Nimehamisha jiwe bapa. Pakafa pote. Nimelirudisha.

Jumatatu, 3 Februari. Makambako.

Tumechoma mara ya pili. Safari hii niliweka kila kipande shavuni, mpaka Amon akasema nitatoka malengelenge. Vimepasuka sita tu. Gogo, jiwe na kichuguu nimevichoma kwa vipande nitakavyounga. Rangi ya kichuguu imetoka ile ile niliyoiona alfajiri ya Novemba, nyekundu ya udongo wa chini ya mikusu. Nilikaa karibu na tanuru nikalia kidogo. Sijui kwa nini, nilikuwa na furaha.

Jumanne, 11 Februari

Efraimu na lebo yake.

"Lebo lazima iwe na jina la kazi, mwaka, malighafi na eneo."

"Andika msitu."

"Msitu gani? Kila mkoa una msitu."

"Andika nyanda za juu."

"Hilda, haya ni makumbusho. Mtoto wa shule akiuliza ni wapi, nimwambie nyanda za juu?" Akakuna kidevu. "Wewe si wa Uwemba? Na uliniambia mikusu. Nitaandika: Msitu wa mikusu, Uwemba."

Nilisema hapana kwa sauti iliyomshtua. Akaniuliza kama kuna tatizo la ardhi. Nikasema hakuna. Akasema basi tutaona, na mtu wa ofisi akisema tutaona ujue ameshaamua.

20 Februari

Amon ameweka picha ya banda lake kwenye status ya simu yake, aliyoipiga siku ile ya tarehe 15 Januari, uyoga wangu wote unaonekana kutoka juu. Alidhani ananitangazia kazi. Ameifuta nilipompigia. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameshaiona. Nimemuuliza kuna wa Uwemba. Amesema hajui, wengi ni wateja wa vigae.

Sijala mchana.

Jumatano, 5 Machi. Makumbusho.

Umekaa. Chumba kizima. Ukiingia unapinda kushoto kwa gogo, unafika jiwe, unakwenda mpaka kichuguu. Efraimu alisimama mlangoni, akavua kofia bila kujijua. Akasema anasikia baridi ya msitu. Neno hilo lilinitia joto na likanichoma. Nilitaka aseme tena, na nilitaka afunge mlango asiingie mtu.

Lebo imeandikwa. Msitu wa mikusu, Uwemba.

7 Machi

Nimesema nitamwambia Mama mkubwa Jumapili.

9 Machi

Jumapili imepita. Mvua ilikuwa kubwa, barabara ina utelezi. Ni kisingizio, najua.

Jumatano, 12 Machi

Leo nitaandika yote hata wino ukiisha.

Saa nne asubuhi niliona kwenye lango la makumbusho watu wawili chini ya mwavuli mmoja. Mama mkubwa na Peace. Walikuwa wametoka kwa daktari wa macho. Ukungu utatolewa, lakini mpaka mwezi wa tano.

"Kamwene, mwanangu," akasema Mama mkubwa. "Nimesema kabla sijapofuka kabisa, nije niuone huo uyoga usioliwa."

"Mama, chumba bado kina vumbi."

"Vumbi silioni."

Efraimu alikuwa amekwenda kunywa chai. Hakukuwa na wa kunisaidia kuwazuia. Nilifungua.

Mama mkubwa alivua viatu mlangoni, wala hakuna aliyemwambia. Peace alimshika mkono wa kushoto, akatazama mbele, na nikaona uso wake unabadilika. Peace, ambaye hanyamazi hata kanisani, alinyamaza. Akatazama gogo, akatazama jiwe, akatazama kichuguu na ule upande wake mtupu. Kisha akanitazama mimi. Sikuweza kumtazama.

Mama mkubwa akaenda. Hatua tatu, nne, fimbo ikigusa saruji. Penye gogo akapinda. Nikajiambia fimbo imeligusa. Akaenda mpaka karibu na kichuguu, na hapo mguu wake wa kulia ukainuka juu, ukavuka kitu, ukashuka taratibu. Pale sakafu ni tupu. Ule mzizi sikuutengeneza. Nikajiambia ni uzee.

Akasimama, akageuza uso upande wa Peace.

"Wamenitia dawa, macho yote leo moshi mtupu. Hebu niambie, mwenzio ameupangaje?"

Nilihesabu pumzi zangu. Peace hakuchukua muda.

"Duara, mama."

"Duara?"

"Duara moja kubwa katikati ya chumba. Mweupe ndani, wa njano nje. Kama yale maua ya kwenye mzunguko wa barabara. Haufanani na popote."

"Haufanani na popote," Mama mkubwa akarudia. "Sawa. Kazi nzuri." Akasema amechoka, akatafutiwa kiti cha mlinzi, akakaa kwenye baraza na kufumba macho.

Peace alikwenda bombani uani kunawa uso. Nikamfuata.

"Umemdanganya," nikasema. Ndilo neno la kwanza lililonitoka, na sasa ninapoliandika naona aibu.

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Umejuaje kwamba…"

"Wifi, pale napajua. Mwaka wa pili tu nilipajua. Kila mkirudi kuna majani ya mkusu kikapuni, na pindo la kanga yake lina tope jekundu. Mikusu imebaki wapi pengine? Siku moja niliwafuata mpaka kwenye kijito. Nikawaona mmeinama, nikaona kichuguu. Nikarudi nikabandika maji."

"Na hukuwahi kuchuma?"

"Nichume kama mwizi?" Alikuwa anaosha mikono iliyokwisha kuwa safi. "Nilitaka anishike mkono. Miaka tisa nasubiri anishike mkono, wifi. Nilisema macho yakimwishia atanihitaji, atasema haya Peace, twende. Nilikuwa nimeshaiweka kichwani siku hiyo. Sasa wewe Jumamosi unawapeleka watu wote. Hata mimi umenipeleka, na viatu nimevaa."

Akafunga bomba, akaenda kumwinua mkwewe. Niliwasindikiza mpaka stendi na hakuna aliyesema kitu ila habari za mvua. Nilipokuwa narudi nilipita nyumba yangu bila kuiona, ikabidi nigeuke.

Mwanamke yule nimemcheka miaka tisa. Nilisema hawezi kutunza siri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeubomoa.

Nimefika saa moja asubuhi, nimeondoa gogo, nimeondoa jiwe. Kichuguu nimekitoa vipande vipande na kukibeba uani. Kisha nimepiga magoti katikati ya chumba nikapanga duara. Mweupe ndani, wa njano nje, kama Peace alivyosema, neno kwa neno.

Efraimu alikuja saa tatu. Alidhani tumevamiwa.

"Hilda, mwaliko umekwenda. Kadi zina picha."

"Picha ya nini?"

"Ya uyoga mmoja tu, lakini hata hivyo."

"Basi huo mmoja upo."

"Juzi niliingia hapa nikasikia msitu," akasema. "Leo naingia nasikia ukumbi wa sherehe. Niambie kwa nini."

Nilimwambia kuna vitu si vyangu peke yangu. Hakuelewa, na ni haki yake kutoelewa. Nilimwomba abadilishe lebo. Alikataa, akanuna, akazunguka duara mara mbili, kisha akaandika kwa mkono: Uyoga, udongo wa kuchoma. Eneo akaliacha. Nilimwomba pia afute picha alizopiga. Alizifuta moja moja mbele yangu, na ile ya mwisho aliitazama sana kabla ya kuibonyeza.

Kazi yangu nzuri kuliko zote imekaa siku nane. Nimelia kwenye stoo ya mafagio, nimenawa, nimemaliza duara.

Jumamosi, 15 Machi

Ufunguzi. Ngoma, soda, hotuba ndefu kuhusu utalii. Watu walizunguka duara wakipiga picha. Mama mmoja aliniuliza kama nauza mmoja mmoja, aweke sebuleni. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Jina langu limeandikwa ukutani na nililipita mara nyingi bila kugeuza shingo.

18 Machi

Mvua zinapungua. Kila nikisikia pikipiki nadhani ni mtu wa kuniletea habari kwamba pale pamefukuliwa.

Jumamosi, 22 Machi. Uwemba.

Nilikuja kukiri. Nilikuta Mama mkubwa amekaa jikoni peke yake, Peace na Jeni wako shambani. Akaniambia nisogee motoni, nguo zangu zimelowa.

"Mama, siku ile ule uyoga haukuwa duara."

"Najua."

Nikaacha kukamua pindo la nguo.

"Nilipopinda kwa gogo, miguu ilijua," akasema. "Nilipofika pa mzizi nikauinua mguu bure. Nikacheka moyoni. Nikasema mtoto huyu ameushika msitu wote, mzizi ameusahau."

"Mbona basi uliuliza?"

"Nilimuuliza Peace. Wewe nilikuwa nimeshakujua."

Alichokoa moto kidogo.

"Angeweza kukusema," akaendelea. "Alikuwa na nafasi. Miaka yote hii mimi na wewe tunamtazama kama mgeni, angenifurahisha mimi kwa kukuangusha wewe. Akakufunika. Na mimi akanifunika, nisiumie. Nimewaza siku kumi, nikaona nimekaa na mtu nyumbani kwangu miaka tisa simjui."

"Niliubomoa, mama. Kesho yake asubuhi niliubomoa wote, watu hawakuuona."

"Peace ameniambia, naye kasikia huko mjini. Umefanya vizuri." Nikaanza kupumua. "Jumamosi ijayo nitampeleka. Yeye ana Jeni. Wewe usije."

"Jumamosi nisije?"

"Pale usije."

Hakusema kwa hasira. Ningeweza kuistahimili hasira. Alisema kama anavyosema chumvi imetosha, kisha akaniambia kuna viazi kwenye chungu, nile kabla havijapoa. Nikala. Nilikuwa na njaa.

25 Machi

Nilimwambia Amon kwa simu kwamba sifinyangi tena uyoga. Akauliza kama nitarudi kwenye majiko. Nikasema labda. Nilikata nikiwa na ghadhabu, na si kwake.

27 Machi

Ana haki. Nimeiandika ili niione imeandikwa. Ana haki, na inauma vile vile.

Jumamosi, 29 Machi. Uwemba.

Nimekuja hata hivyo. Hakusema nisije nyumbani.

Alfajiri niliwasikia. Kikapu kikachukuliwa ukutani, mlango ukafunguka, ukafungwa. Hawakusemezana. Nilibaki nimelala macho, nikiwafuata kwa kichwa: sasa wamefika kijito, sasa wamevuka. Nikaona hilo nalo ni wizi, nikaamka. Nikatafuta kuni kavu, nikawasha moto, nikabandika maji.

Walirudi jua limeshachomoza, kwa njia ya juu, nguo zimelowa mpaka magotini. Mama mkubwa alikuwa ameweka mkono wake begani kwa Peace. Peace alitua kikapu mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeota mwingi?" nikauliza.

"Wa kutosha, wifi," akasema, akaenda kuosha miguu.

Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua. Jeni aliamka, akaja na blanketi lake, akachuchumaa karibu yangu na kuchukua mmoja mweupe. Akaniuliza, "Shangazi, huu unatoka wapi?" Nikamwambia sijui, na tukaendelea kuchambua.